Lori likikata springi Kanzenze: kuchomelea, kubadilisha bapa moja au kubadilisha seti nzima?

Malori yanayotoka Kigali kwenda Gisenyi na Goma hupita Musanze, hupanda hadi Bigogwe katika wilaya ya Nyabihu, kisha huanza kuteremka kupitia sekta ya Kanzenze, Mahoko na Nyundo hadi kando ya Ziwa Kivu. Bigogwe iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko karibu mita 1,460. Safari nzima kutoka Kigali ni zaidi ya kilomita 150, lakini kipande hiki cha mwisho ndicho kinachopima springi. Lori linabeba mzigo kamili, linashika breki mara kwa mara na linakata kona huku limeinamia mbele.

Springi ikikatika hapa, dereva, mwenye gari na mwenye mzigo hujikuta wakiulizana kwa simu swali moja: fundi achomelee ili safari iendelee, abadilishe kipande kilichovunjika, au afungue seti nzima na kuweka nyingine? Makala haya yanaeleza namna ya kufikia uamuzi huo.

Kwa wanaopiga simu kuomba msaada, ni vizuri kutaja "Kanzenze ya Rubavu". Ipo Kanzenze nyingine upande wa Bugesera, kwenye daraja la mto Nyabarongo katika barabara ya Kigali kwenda Nyamata. Gari la msaada linalotoka Kigali likielekezwa vibaya litapoteza nusu siku.

JIBU KWA UFUPI

- Bapa la springi lililovunjika halichomelewi. Hata kama weldingi inaonekana imeshika, chuma kilicho kando yake kimeharibika.
- Bapa moja linaweza kubadilishwa peke yake iwapo springi bado ni changa, ufa ni mpya na mabapa mengine hayana kasoro.
- Seti nzima ibadilishwe iwapo limevunjika zaidi ya bapa moja, upinde umelala, au ndani ya seti kuna bapa lililowahi kuchomelewa.
- Bapa kuu likikatika, lori lenye mzigo lisiendelee kuteremka kuelekea Gisenyi, hata kwa mwendo wa polepole.

SPRINGI INAFANYA KAZI GANI

Springi ya lori ni mabapa ya chuma yaliyopindwa kidogo na kulaliana, marefu juu na mafupi chini. Yanashikwa pamoja na bolti ya katikati, na kufungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Bapa la juu kabisa ndilo bapa kuu. Ncha zake zimekunjwa na kuwa macho ambamo hupita pini na bushi. Mafundi wengi wa Gisenyi na Goma, ambako majina mengi ya vipuri yametoka katika Kifaransa, huiita springi "resori".

Watu wengi hufikiri springi ni ya kupunguza mtikisiko tu. Katika malori mengi springi hufanya pia kazi ya pili, yaani kuishikilia ekseli mahali pake. Jicho la mbele la bapa kuu limefungwa kwenye chesisi, na kupitia hilo ekseli huvutwa, husukumwa na kuzuiwa wakati wa breki. Bapa kuu likikatika kati ya jicho hilo na ekseli, upande mmoja wa ekseli unaweza kurudi nyuma. Lori huanza kwenda kiubavu, tairi hugusa bodi au chesisi, na mipira ya breki inaweza kuvutwa hadi ikachomoka. Ikiwa ni ekseli ya mbele, usukani huvuta upande mmoja.

Malori yenye ekseli mbili za nyuma zinazobebwa na springi moja kila upande huwa na fimbo maalumu za kuzishikilia ekseli. Kwa magari hayo, springi iliyovunjika haipeleki ekseli nje ya mstari haraka, lakini mzigo hulalia upande mmoja na hatari ya kupinduka kwenye kona huongezeka.

KWA NINI WELDINGI HAISHIKI

Kila mhunzi wa Afrika Mashariki anaifahamu springi ya gari. Springi chakavu ndizo zinazofuliwa kuwa panga, visu na majembe, kwa sababu chuma chake ni kigumu na hukubali makali. Mhunzi huyohuyo anajua pia kwamba chuma hicho kikipashwa moto hadi kikawa chekundu, kisha kikapozwa ghafla, huwa kigumu kama kioo na huvunjika kwa kugongwa.

Kiwandani, bapa hupashwa moto zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi, hupozwa katika mafuta, kisha hupashwa tena kwenye nyuzi 400 hadi 500 ili ugumu upungue na unyumbufu urudi. Ni hatua hiyo ya mwisho inayolifanya bapa lipinde na kurudi mara mamilioni bila kukatika.

Weldingi inavuruga kazi hiyo yote. Sehemu iliyo chini ya moto huyeyuka, na milimita chache pembeni yake hupashwa na kupoa haraka kwa sababu chuma baridi kinachoizunguka kinanyonya joto. Pale pembeni ndipo panapokuwa kama kioo. Mbele kidogo pana sehemu iliyolegea. Bapa likianza kupinda tena, linakatika kando ya weldingi, mara nyingi katika safari ileile au inayofuata.

Fundi anayesema "nitaongeza kipande juu yake" habadilishi chochote, kwa kuwa kila mshono mpya ni mahali pengine pa kukatikia. Kwa sababu hiyohiyo, fundi anayechomelea chesisi au bodi asibane waya wa mashine ya weldingi kwenye springi wala asiache cheche ziiangukie. Alama ndogo ya moto juu ya bapa inatosha kuanzisha ufa.

KUSOMA MAHALI PALIPOVUNJIKA

Kabla ya kununua chochote, kipande kilichovunjika kisafishwe kwa brashi ya waya na kuangaliwa. Chuma chenyewe kinaeleza kilichotokea.

1. Uso wote unang'aa na una chembechembe mpya. Bapa limekatika kwa pigo moja, kwa mfano shimo, tuta au ukingo wa barabara. Mabapa mengine huenda ni mazima.

2. Sehemu ya uso ni nyeusi au ina kutu, na sehemu iliyobaki inang'aa. Ufa ulikuwapo kwa muda mrefu, na pigo la mwisho limemaliza tu kazi. Mabapa mengine ya seti hiyo yamefanya kazi kwa umri uleule, hivyo yachunguzwe moja moja.

3. Limekatika kwenye tundu la bolti ya katikati. Sababu ya kwanza ya kutafutwa ni yubolti zilizolegea. Zikilegea, bapa huanza kupinda pale katikati ambapo halikupangwa kupinda, na tundu ndipo mahali dhaifu zaidi.

4. Limekatika kwenye jicho au karibu nalo. Pini iangaliwe kama imekauka grisi au bushi imekwama. Jicho lisilozunguka hulilazimisha bapa lijikunje shingoni.

5. Limekatika katikati ya urefu, mbali na tundu na jicho. Mara nyingi chanzo ni kuzidisha mzigo, au vibano vinavyoyashika mabapa vimepotea na mabapa yanatawanyika gari linaporuka.

Fundi akibadilisha bapa bila kuondoa sababu, bapa jipya litakatika palepale.

Ufa mdogo usioonekana kwa macho unaweza kutafutwa kwa njia ya zamani ya gereji. Bapa husafishwa, hupakwa mafuta ya taa na kuachwa kidogo, hufutwa hadi likauke, kisha hupakwa unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hupanda na kuchora mstari kwenye chaki.

LINI BAPA MOJA LINATOSHA

Kubadilisha bapa moja ni uamuzi wa busara ikiwa masharti haya yote yametimia:

- limevunjika moja tu, na uso wake ni mpya;
- upinde wa springi hiyo unalingana na wa upande wa pili, gari likipimwa mahali tambarare;
- mabapa mengine hayana ufa, wala ncha zao hazijachimba mitaro kwenye mabapa ya jirani;
- linapatikana bapa la upana na unene uleule, lenye upinde unaofanana.

Sharti la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi. Ugumu wa bapa hubadilika kwa kadiri ya unene wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe. Bapa la milimita 10 likiwekwa mahali pa bapa la milimita 12, halifanyi kazi ya kumi juu ya kumi na mbili. Linatoa asilimia 58 tu ya ugumu wa lile la awali, na mzigo uliobaki unahamia kwa jirani zake. Kuweka bapa nene zaidi "ili lisivunjike tena" nako kuna hasara. Bapa nene likipindwa kwa kiasi kilekile huumia zaidi kuliko jembamba, hivyo ndilo litakalotangulia kukatika.

Bapa kuu huangaliwa kwa ukali zaidi. Likiwa limekatika katika springi iliyokwisha tumika sana, kuweka bapa kuu jipya juu ya mabapa yaliyolala ni kulibebesha jipya mzigo wa wote, kwa kuwa ndilo pekee lenye upinde kamili.

LINI SETI NZIMA IBADILISHWE

Seti nzima ibadilishwe ikiwa:

- yamevunjika mabapa mawili au zaidi, au bapa kuu pamoja na la pili yake;
- upinde umelala na gari linainamia upande mmoja hata likiwa tupu;
- nyufa zimeonekana katika mabapa ambayo bado hayajakatika;
- ndani ya seti kuna bapa lenye weldingi ya zamani;
- springi hiyohiyo imekatika zaidi ya mara moja katika muda mfupi.

Vipi upande wa pili wa ekseli? Springi mbili za ekseli moja zimebeba mizigo ileile, katika barabara zilezile, kwa miaka ileile. Ya kushoto ikichoka, ya kulia haiko mbali. Tena, springi mpya upande mmoja na iliyolala upande mwingine hulifanya lori liiname, na mzigo unaoinama huonekana zaidi kwenye kona za mteremko. Ikiwa springi ya kwanza imekatika kwa uchovu, fedha zikiruhusu zibadilishwe zote mbili kwa pamoja. Ikiwa imekatika kwa pigo moja na upinde wa pande zote mbili ulikuwa sawa, upande wa pili unaweza kubaki baada ya kukaguliwa.

Malori ya mpakani yana jambo moja la ziada. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda na Kongo huendesha kulia. Barabara nyingi zimeinuka katikati na kushuka pembeni, hivyo upande unaobeba zaidi hubadilika gari linapovuka. Dereva aliyezoea kukagua upande mmoja tu akague pande zote mbili.

KUPINDA UPYA NA SPRINGI ZA MTUMBA

Gereji nyingi hutoa huduma ya kurudisha upinde wa springi iliyolala. Bapa likigongwa au kukandamizwa likiwa baridi, upinde hurudi kwa muda, kisha hulala tena mzigo ukirudi. Likipashwa moto wa mkaa na kupozwa kwa kukadiria, hakuna anayejua limekuwa gumu mno au laini mno. Kazi hii inafaa tu penye tanuri linalopimwa joto, mafuta ya kupozea na hatua ya pili ya kupasha. Bapa lenye ufa halifai kupindwa upya kwa njia yoyote.

Springi za mtumba kutoka kwenye malori yaliyokatwa zinapatikana katika masoko ya vipuri kama Gatsata mjini Kigali, Grogan mjini Nairobi na Gerezani jijini Dar es Salaam. Bei yake huvutia, lakini umri wa chuma hauonekani kwa rangi. Mnunuzi akatae springi iliyopakwa rangi nyeusi mpya kabla hajaisafisha na kuona chuma chenyewe, na afanye jaribio la mafuta ya taa na chaki kwenye kila bapa.

Anayenunua kwa simu apeleke vipimo hivi: upana na unene wa bapa kwa milimita, idadi ya mabapa, urefu kutoka tundu la katikati hadi kila jicho, kipenyo cha jicho, aina ya lori na namba ya chesisi. Urefu wa mbele na wa nyuma katika springi nyingi haulingani, na hapa ndipo wengi hukosea. Picha ya kipande kilichovunjika kando ya futi ya kupimia husaidia zaidi ya maelezo marefu. Katika Rwanda, mnunuzi adai risiti ya EBM, kwani mwenye gari atahitaji ushahidi wa matengenezo.

HESABU YA MWENYE GARI

Weldingi hupendwa kwa sababu bei yake ni ndogo kwa siku hiyo. Hesabu kamili inajumuisha siku za kusimama, gari la msaada, kibarua cha kuhamisha mzigo na mzigo utakaoharibika.

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, wala si bei ya soko. Tuseme weldingi ni faranga 25,000; bapa jipya na ufundi ni 90,000; seti nzima na ufundi ni 400,000; na kukwama njiani mara moja, pamoja na gari la msaada na siku mbili za kusimama, ni 500,000. Mwenye lori akichomelea na springi ikakatika safari inayofuata, atalipa 25,000, halafu 500,000, na bado atanunua bapa la 90,000. Jumla ni 615,000. Angenunua bapa mwanzoni angelipa 90,000. Ikiwa springi yenyewe ilikuwa imechoka, hata seti nzima ingekuwa nafuu kuliko kukwama mara moja.

Msafirishaji aweke bei zake mwenyewe katika hesabu hiyo. Swali la kujiuliza ni: kukwama mara moja kati ya Musanze na mpaka kunamgharimu kiasi gani? Kwa anayebeba samaki, nyama, maziwa au mboga, jibu linaweza kuwa thamani ya shehena yote.

MZIGO ULIOZIDI

Springi nyingi zinazokatika barabarani zilianza kuharibika kwenye kituo cha kupakilia. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili za pamoja na tani 24 kwa ekseli tatu za pamoja. Uzito wa gari zima hauruhusiwi kupita tani 56. Semi-tela ya ekseli sita yenye mpangilio wa 8, 18 na 24 hufikia tani 50.

Chukua lori la ekseli moja ya nyuma. Kisheria kila upande unabeba tani 5. Likipakiwa viazi hadi ekseli hiyo ikafika tani 12, kila upande unabeba tani 6, yaani asilimia 20 zaidi. Sasa tuseme springi ya mabapa kumi yenye unene sawa ina bapa moja lililovunjika. Mabapa tisa yanabeba mzigo wa kumi pamoja na ziada hiyo, hivyo kila moja linabeba takriban theluthi moja zaidi ya ilivyopangwa. Chuma hakichoki kwa uwiano huohuo. Mzigo ukiongezeka kidogo, umri wake hupungua sana. Ndiyo maana bapa la kwanza likivunjika na kuachwa, la pili na la tatu hufuata upesi.

Mzigo unaweza kuwa halali kwa jumla na bado ukaivunja springi ikiwa magunia yamerundikwa nyuma au upande mmoja. Magunia yapangwe kuanzia mbele, sawa kushoto na kulia, na yafungwe ili yasihame kwenye mteremko.

SPRINGI IKIKATIKA BARABARANI

Dalili ni kishindo chini ya gari, lori kuinama, usukani kuvuta au harufu ya tairi inayosuguliwa. Hatua za kufuata ni hizi:

1. Dereva apunguze mwendo kwa gia na breki ya injini, na asimame mahali tambarare nje ya njia. Kona za mteremko si mahali pa kutengenezea.

2. Magurudumu yawekewe vizuizi na alama za pembetatu ziwekwe mbali nyuma na mbele. Eneo hili hupata ukungu na mvua mara nyingi. Mawe yaliyotumika kuzuia lori yaondolewe barabarani kazi ikiisha, kwa sababu jiwe lililoachwa gizani huua mwenye pikipiki.

3. Iangaliwe ni bapa gani limekatika. Ikiwa ni bapa la chini, kipande kinachoning'inia kitolewe kisikate tairi wala mpira wa breki, mzigo upunguzwe, na lori liende polepole hadi gereji ya karibu.

4. Ikiwa ni bapa kuu, lori litengenezwe pale lilipo au livutwe baada ya kupakuliwa. Gogo linalopigiliwa kati ya chesisi na ekseli hunyanyua bodi tu. Haliizuii ekseli kurudi nyuma breki ikishikwa.

5. Mzigo wa transiti wenye lakiri ya forodha usifunguliwe kabla ya kuiarifu Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, RRA. Tangu mwaka 2017 mizigo ya aina hii hufuatiliwa kwa lakiri za kielektroniki, na kusimama kusikotarajiwa au lakiri iliyokatwa huonekana. Dereva au wakala apige simu, aeleze mahali na sababu, na asubiri maelekezo ya kuhamisha shehena.

6. Mwenye mzigo aarifiwe mapema ili apange upya kuvuka. Mji wa Goma ulitekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, hivyo saa na masharti ya kuvuka yafuatwe kwa taarifa ya siku hiyo kutoka kwa maofisa wa mpaka.

Kuhusu bima, Kadi ya Njano ya COMESA hulipia madhara kwa watu wengine. Haifidii shehena wala lori lenyewe. Mwenye mzigo asiyekuwa na bima ya shehena atabeba hasara yake.

KUFUNGA SPRINGI MPYA

Springi iliyofungwa chini ya mkazo inaweza kumjeruhi fundi. Chesisi itegemezwe kwa stendi imara, isiachwe juu ya jeki peke yake. Kabla ya kukata bolti ya katikati, mabapa yabanwe kwa kibano pande zote mbili, kwani yakiachiwa ghafla huruka.

Yubolti za zamani zisirudishwe. Nyuzi zake zimekwisha kunyooka na hazishiki tena mkazo uleule. Zifungwe mpya pamoja na nati zake, kwa kubadilishana kona, kidogo kidogo, hadi kufikia nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari. Bolti ya katikati, bushi na pini zilizolika nazo zibadilishwe wakati huohuo, kwa kuwa gharama ya kufungua tena ni kubwa kuliko bei yake.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, mabapa hukaa sawa na yubolti hulegea kidogo. Lori lililofungwa springi Gisenyi likifika Kigali limekwisha kwenda umbali wa kutosha, hivyo zikazwe tena hapohapo kabla ya kupakia mzigo mwingine. Hatua hii haigharimu zaidi ya spana na dakika chache, na ndiyo inayorukwa zaidi.

UKAGUZI KABLA YA MTEREMKO

Gari la kibiashara nchini Rwanda hupitia ukaguzi wa kiufundi wa polisi, na kituo kimojawapo kiko Musanze. Lakini cheti ni cha siku ya ukaguzi, na springi inaweza kukatika wiki inayofuata. Musanze, karibu kilomita 60 kabla ya Gisenyi, ni mahali pazuri pa dereva na utingo kusimama na kuangalia mambo matano:

- urefu kutoka tairi hadi bodi, kushoto na kulia;
- mabapa yaliyoteleza pembeni au yenye mstari wa kutu unaokatisha;
- yubolti zenye alama ya kung'aa chini ya nati, dalili kwamba zinacheza;
- pini zilizokauka grisi;
- tairi lililolika upande mmoja au kuguswa na chesisi.

Kwa wanaovuka, ukaguzi huo urudiwe kabla ya kurudi kutoka Goma. Mitaa mingi ya mji huo imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 2002 na tena Mei 2021, na mitikisiko midogo ya mfululizo huichosha springi kama shimo moja kubwa linavyoivunja.

Bapa lenye ufa likionekana Musanze, gereji ziko karibu, fundi yupo na forodha haijaingia katika habari hiyo. Likiachwa hadi Kanzenze, kazi ileile itafanyika kwenye mteremko, pengine usiku, huku mzigo ukisubiri.